Uwanja wa nyasi msimu wa baridi, na vita na magugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Majibu haya ni kwa wasimamizi wa viwanja vya shule, vya kata na vya klabu. Hesabu zote zimepigwa kwa kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Kama chako ni kidogo, punguza kwa uwiano huohuo.

Arusha mjini hakuna barafu. Kwa nini tuzungumzie matunzo ya baridi?

Kwa sababu nyasi hazihitaji barafu ili zisimame kukua. Ukoka hustawi joto likiwa kati ya nyuzi 27 na 35. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 16 hivi, ukuaji unazorota kabisa. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Juni na Julai mawingu hukaa hadi mchana, hivyo ukoka unakosa joto na jua kwa wakati mmoja. Hapo hapo masika yameisha na ardhi inakauka. Na ndipo ratiba inapojaa: michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, huwa katikati ya mwaka, na mabonanza ya likizo yanafuata.

Daluga ikichimbua Aprili, pengo linafunikwa baada ya wiki mbili au tatu. Likichimbuliwa Julai, pengo hilo linabaki wazi hadi Septemba, na mbegu za magugu zimo udongoni zinasubiri mwanga tu. Ndiyo maana matunzo ya baridi na kudhibiti magugu ni kazi moja. Magugu hayaufukuzi ukoka wenye afya. Yanakaa pale ulipokwisha kuondoka.

Je, Moshi ni sawa na Arusha?

Hapana. Moshi mjini iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900, na ukoka wake hupunguza kasi bila kusimama. Shida kubwa ya Moshi Julai na Agosti ni ukame na upepo kuliko baridi. Ukipanda Machame au Marangu mambo yanageuka: huko baridi ni kali kuliko Arusha mjini, na ukoka unahangaika.

Nitajuaje kama nina ukoka au nyasi za kikuyu?

Shika mtambaazi mmoja. Wa ukoka ni mwembamba, mgumu, na majani yake ni mafupi na membamba. Wa kikuyu ni mnene, laini, una maji, na majani yana vinyweleo unavyovihisi ukipitisha kidole. Nyasi za kikuyu ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na huvumilia baridi vizuri kuliko ukoka, kwa hiyo kiwanja cha mlimani kikiwa nazo usizing'oe eti kwa sababu viwanja vya runinga vina ukoka. Kasoro yake ni kwamba hujenga zulia nene la vijiti vikavu chini. Ukizikata fupi ghafla, unabaki na vijiti vya kahawia tupu, na msimu wa baridi huchukua wiki nyingi kurudisha kijani.

Nikate kwa urefu gani?

Ukoka wa mpira ukatwe milimita 25 hadi 30 msimu wa joto. Kuanzia mwisho wa Mei pandisha mashine hadi 30 au 35. Kikuyu ikatwe 35 hadi 40, na baridi iongezwe kidogo juu ya hapo. Jani refu kidogo hukusanya mwanga zaidi siku za mawingu, hufunika udongo, na mbegu za magugu zilizo chini zinakosa jua la kuziotesha.

Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Kiwanja kikishaachwa kikafika milimita 80, usishuke hadi 30 siku ileile. Kata 55, ngoja siku nne au tano, kata 38, ndipo umalizie. Na utazame ncha za majani kesho yake: zikiwa nyeupe na zimechanikachanika, kisu ni butu, kinararua badala ya kukata. Jani lililoraruliwa hupoteza maji na kuwa mlango wa ukungu.

Fyekeo linakubalika kwenye kingo na nyuma ya magoli. Ndani ya uwanja linaacha mabaka ya urefu tofauti, na mabaka yaliyonyolewa ndiyo yanayoota magugu kwanza.

Maji kiasi gani, na wakati gani?

Juni na Julai, milimita 15 kwa wiki zinatosha viwanja vingi vya Arusha. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo milimita 15 ni kama lita 107,000: maboza 11 ya lita 10,000. Septemba na Oktoba, jua likirudi na upepo ukianza, hesabu inapanda hadi milimita 25 au zaidi. Moshi ianze kupanda mapema, tangu Agosti.

Gawa mara mbili kwa wiki, usinyunyizie kidogo kidogo kila siku. Maji ya kila siku yanaishia sentimita mbili za juu, mizizi inabaki hapo hapo, na ndago inafurahia. Mwagilia alfajiri. Ukimwagilia jioni msimu wa baridi, jani linalala limelowa usiku kucha mpaka umande wa asubuhi ukauke, na ukungu unapata muda wote unaouhitaji.

Kujua mashine yako inatoa kiasi gani, panga makopo kumi ya ukubwa mmoja uwanjani, washa maji nusu saa, kisha pima kina kwa rula. Kopo moja likiwa na milimita 4 na jingine 12, tatizo lako si kiasi cha maji, ni mpangilio wa vinyunyizio au pua iliyoziba.

Tunatumia maji ya kisima na udongo unajifunga kama sementi. Kwa nini?

Maji mengi ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yametoka kwenye miamba ya volkano. Floraidi yake inajulikana kwa kuharibu meno na mifupa ya watu, lakini kinachoumiza uwanja ni sodiamu na baikaboneti. Sodiamu hutawanya chembe za mfinyanzi, vitundu vya udongo vinaziba, maji yanasimama juu huku sentimita tano chini pakiwa pakavu.

Peleka sampuli ya maji na ya udongo maabara kwanza. Sodiamu ikithibitika kuwa juu, tiba ni jasi, na bahati nzuri inachimbwa jirani, Makanya wilayani Same. Tawanya kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, toboa ardhi kwanza ili iingie, kisha mwagilia kwa wingi ili sodiamu isukumwe chini ya mizizi. Bila maji ya kuisukuma, jasi inakaa juu bila kazi. Chokaa ya kilimo si mbadala wake: haiyeyuki katika udongo wenye alkali.

Mbolea iendelee wakati wa baridi?

Iendelee kidogo. Msimu wa kukua, ukoka unaochezewa unahitaji gramu 3 za naitrojeni kwa mita ya mraba kila mwezi. Kwa mbolea ya CAN yenye asilimia 27 ya naitrojeni, hiyo ni gramu 11 kwa mita ya mraba, au kilo 80 kwa uwanja mzima. Juni hadi Agosti weka nusu, kilo 40, na uweke tu kama una maji ya kuiyeyusha. Urea kwenye nyasi zenye umande huunguza majani. Kama ndiyo uliyonayo, subiri nyasi zikauke, tawanya, kisha mwagilia mara moja.

Kinachosahauliwa ni potasiamu. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa MOP, mbolea ya potasiamu, ukitawanywa uwanja mzima katikati ya Mei udongo ukiwa na unyevu, husaidia nyasi kuvumilia ukame na kukanyagwa. Gawa mfuko mara mbili: nusu ukitembea goli hadi goli, nusu ukivuka kwa upana. Ukitawanya kwa mwelekeo mmoja, utaona michirizi ya kijani na njano mwezi mzima.

Samadi mbichi isikanyage uwanjani. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, na gugu karoti ni mojawapo ya yanayosafiri kwa samadi na malisho. Kama ni lazima, tumia iliyooza vizuri kwa joto, iliyochekechwa.

Nimesoma mtandaoni kwamba msimu wa baridi ndio wa kupulizia glaifoseti, dawa inayoua magugu na nyasi pia, uwanja mzima, nyasi zikiwa zimelala. Ni kweli?

Ni kweli kwenye nchi ambazo baridi huukausha ukoka wote ukawa rangi ya majani makavu. Huko kilicho kijani ni gugu peke yake. Hapa ukoka haulali hivyo. Hata Julai una majani ya kijani yanayonyonya dawa, na utakuwa umeua uwanja wako kwa mikono yako. Ushauri huu ndio hatari kuliko wote unaosambaa.

Tahadhari hiyo hiyo kwa miezi. Maelezo yanayosema weka mbolea ya baridi Novemba ni ya kaskazini mwa dunia. Novemba kwetu ni vuli, wakati wa kukuza. Na kupanda nyasi za rai juu ya ukoka ili uwanja ubaki kijani hakuna haja hapa: zitashindana na ukoka kugombea maji wakati ukoka umechoka, kisha zitakufa joto likirudi na kuacha mapengo.

Magugu gani nitarajie, na kila moja linasema nini?

*Ndago* ndiyo sugu kuliko yote. Zungusha bua kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Chimba polepole kwa kijiko uone: uzi mweusi unatoka kwenye kiazi kimoja kwenda kingine, na ukivuta juu uzi unakatika, viazi vinabaki, kila kimoja kinachipua. Kung'oa ndago kwa mkono kunaongeza mashina. Ikijaa sehemu moja, chunguza maji yanayosimama au bomba linalovuja.

*Mbigili* inatambaa chini, ina maua madogo ya njano na miba inayotoboa mpira na magoti. Ng'oa kwa kukata mzizi mkuu chini kidogo ya udongo kabla miba haijakauka. Ikishakauka na kudondoka, lowesha gunia au blanketi kuukuu, liburute polepole juu ya eneo, miba inashika, lichome baadaye. Rudia, kwa sababu mbegu hukaa udongoni miaka kadhaa.

*Nyasi ngumu jamii ya ulezi*, inayolala kama gurudumu na kitovu chake ni cheupe, inaota pale udongo ulipogandamizwa: golini, mstari wa kati, njia ya mkato ya wanafunzi. Ukiiua bila kulegeza udongo, itarudi.

*Gugu karoti* lina majani yaliyochanwachanwa kama ya karoti na maua madogo meupe. Liligunduliwa Arusha mwaka 2010 na sasa limejaa kando ya barabara nyingi. Linasababisha muwasho wa ngozi na shida ya kupumua, kwa hiyo vaa glavu na barakoa, ling'oe na mizizi kabla halijatoa maua. Usimtume mwanafunzi kuling'oa mikono mitupu.

Kuna pia lile lenye vijani vitatu vya umbo la moyo na maua ya zambarau, lenye vitunguu vidogo chini. Jembe linavitawanya. Lichimbe na bonge zima la udongo. Kishona nguo, mchicha mwitu na mengine ya msimu mmoja ni rahisi: kata kabla ya mbegu, na mashine ya kawaida itayamaliza.

Dawa gani inaua magugu bila kuua ukoka?

Kwa magugu ya majani mapana, 2,4-D amaini. Kwa ndago, halosulfuroni. Glaifoseti inaua vyote, kwa hiyo ni ya kingo na nyufa tu, au ya kupaka gugu mojamoja kwa sponji. Nunua duka la pembejeo lenye leseni, chombo kimefungwa, lebo ina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya viuatilifu ambayo makao yake yako hapa Arusha. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usinunue kwa bei yoyote: hujui ni nini, na mtoto anaweza kuinywa.

Nipulizie lini?

Gugu likiwa linakua kwa nguvu. Hii ndiyo sababu dawa nyingi za Julai hushindwa: gugu lenye baridi, kiu na vumbi halinyonyi. Dirisha la kwanza ni mwisho wa Mei hadi wiki ya kwanza ya Juni, udongo bado una unyevu wa masika. La pili ni Septemba, siku nne au tano baada ya kumwagilia vizuri. Katikati ya hapo tumia mikono na kijembe. Usikate nyasi siku mbili kabla na siku mbili baada ya kupulizia, maana gugu linahitaji majani ya kupokea dawa.

Ndago haitanyauka kesho. Halosulfuroni inachukua wiki mbili hadi nne kuonekana, na mzunguko wa pili, baada ya wiki sita hadi kumi, ni lazima kwa viazi vilivyochipua kwa kuchelewa. Wengi hukata tamaa wiki ya kwanza na kuzidisha dozi.

Nipimeje dawa kwenye bomba la mgongoni?

Anza na maji matupu. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, jaza bomba hadi alama, pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji unayoongeza kurudi kwenye alama. Tuseme ni lita 2.5. Hiyo ni lita 250 kwa hekta. Kama lebo inasema lita 1.5 za dawa kwa hekta, bomba la lita 16 linabeba mililita 96, na uwanja mzima utatumia mabomba 11 na kidogo, dawa lita moja na mililita 70 hivi. Tumia pua ya feni bapa, si ile ya mviringo ya ukungu mwembamba. Mtu mwingine akishika bomba, pimeni upya, kwa sababu mwendo wake si wako.

Kifuniko cha chupa si kipimo. Nunua silinda ya plastiki yenye mililita.

Maji yawe safi. Glaifoseti hushikwa na tope. Ukichota mferejini maji ya kahawia, dawa imekufa kabla hujaanza kupulizia.

Jirani ana nyanya na kihamba cha kahawa. Kuna hatari?

Ipo, na ni kubwa. Nyanya, maharage na kahawa huumia kwa tone dogo tu la 2,4-D. Majani yanajikunja na kurefuka kama nyuzi. Pulizia asubuhi mapema upepo ukiwa hafifu unaovuma kutoka upande wa jirani kuja kwako, pua iwe chini karibu na nyasi, na acha ukanda wa mita 10 upande wa shamba ung'olewe kwa mkono. Zungumza naye kabla. Bomba la dawa ya magugu lisitumike kamwe kwa nyanya, hata likioshwa mara tatu.

Mpuliziaji avae gambuti, glavu za mpira, miwani na barakoa. Wachezaji wasiingie kwa saa 24 angalau, au zaidi kama lebo inasema hivyo. Ng'ombe na mbuzi nao wasiingie.

Golini pameisha kabisa. Nifanye nini Julai?

Usipande Julai, vipando vitakaa tu. Kazi ya Julai ni kuzuia tundu lisikue. Sogeza mazoezi ya makipa pembeni, tumia magoli ya kuhamishika, ziba mashimo kwa mchanganyiko wa udongo na mchanga wa mto, na choma ardhi kwa jembe uma kina cha sentimita 10 hadi 15, kila baada ya sentimita 10, ukitikisa kidogo bila kupindua.

Septemba, leta mabonge ya ukoka kutoka nyuma ya goli au pembezoni, unene wa sentimita 4, yabane yashikane, yawe usawa mmoja na nyasi zilizopo. Mwagilia kila siku kwa siku kumi. Usipulizie dawa yoyote hapo hadi pakatwe mara tatu.

Kutoboa na kumwaga mchanga uwanja mzima kusubiri Oktoba. Milimita 3 za mchanga ni mita za ujazo 21, tipa tatu za mita saba. Kabla ya kulipa, tia mchanga kwenye chupa angavu, jaza maji, tikisa, uache saa moja. Tabaka la tope juu likizidi kidole kimoja kwa chupa ya lita moja, rudisha.

Mashabiki wanachora mistari kwa oili chafu. Ina shida?

Inaua nyasi na udongo wa mstari huo hukaa wazi msimu mzima, kisha mbigili inafuata mstari kama imechorewa. Chumvi na dizeli ni vilevile. Chokaa ya ujenzi nayo huunguza macho na ngozi ya mchezaji anayeanguka juu yake. Tumia rangi nyeupe ya maji au unga wa chokaa usiounguza, mistari ya sentimita 12 isizidi, na ukate nyasi kabla ya kuchora, si baada.